Nilivyosahihisha Nyimbo za Wafini

Ninyi wanakwaya wa leo mkitaka wimbo mpya mnatumiana kwa simu kabla chai haijapoa. Wakati wetu kila wimbo ulipita kwanza kwenye vidole vyangu. Kwa miaka ishirini na minane nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya kanisa letu pale Kaloleni, Kisumu. Nilipiga barua za harusi, za mazishi na za mabati ya paa, lakini kilichonitoa kitandani kwa furaha kilikuwa nota. Kwaya yetu ilikuwa na waimbaji arobaini, na kila mmoja alishika karatasi niliyoitengeneza mimi.

Hebu niwaeleze ilivyokuwa, maana najua hamjawahi kuona stensili. Ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unauondoa utepe wa wino kwenye taipu ili herufi zenyewe ziikate ile nta. Kisha unaivisha stensili kwenye mashine ya kurudufu, unazungusha mkono, na wino unapenya palipokatwa. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza ikauke, unapiga upya juu yake. Ukipuliza kwa haraka inatoboka, na hapo ukurasa mzima umekwenda.

Waimbaji wetu hawakusoma ile mistari mitano yenye vichwa vya viluwiluwi. Walisoma solfa: d, r, m, f, s, l, t, na nukta mbili kutenganisha pigo na pigo, na kistari kuonyesha kwamba sauti inashikiliwa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma mistari mitano na kuigeuza kuwa herufi. Kistari kimoja kikipotea, watu wanapotea. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau vistari vitatu katika wimbo wa Pasaka, sehemu ya besi. Tuliuimba Ahero mbele ya mkutano mkubwa. Besi wakatangaza kwamba amefufuka, wakamaliza, wakafunga midomo, na sauti nyingine tatu bado ziko kaburini.

Mwalimu Odera, aliyeongoza kwaya, hakunikemea siku ile. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mkavu kama fito, na uma wake wa kupimia sauti aliuweka ndani ya soksi. Jumatatu alikuja ofisini, akauchomoa, akaugonga kwenye goti, akausikiliza kidogo kana kwamba anauliza ushauri.

“Nyar Kano,” akaniambia, yaani binti wa Kano, maana kwetu ni Kano na hakuwahi kuniita kwa jina langu, “besi wamefufuka mbele ya Bwana. Ni wewe uliwatuma.”

Kisha akavuta kiti akanifundisha kukagua. Ukikagua nota kutoka mwanzo kwenda mwisho, alisema, sikio linakuimbia wimbo na jicho linalala. Anza na nota ya mwisho, rudi nyuma moja moja. Wimbo ukirudi nyuma hauna utamu, kwa hiyo hauwezi kukudanganya. Nimeifuata njia hiyo tangu siku ile, na hata risiti za dukani nazisoma hivyo.

Sasa niwaletee Wafini.

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea mwisho, tulikuwa na mhandisi mmoja Mfini aliyechimba visima vijijini, na Jumapili aliimba besi pamoja nasi. Jina lake Eero. Kwetu “ero” ni nusu ya kusema asante, “ero kamano,” kwa hiyo kila alipoitwa mtu fulani aliongeza “kamano” na watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji na Kiswahili chake cha kuombea chakula, lakini vilimtosha.

Siku moja Eero alifika mazoezini na barua, uso umemwiva kwa furaha. Kwao kulikuwa na kwaya ndogo ya watu ishirini na wanne ambao kazi yao ni kuimba. Si kuimba baada ya kazi. Kuimba ndiyo kazi, wanaingia asubuhi kama watu wa benki, na wakizeeka wanapata pensheni. Tulimwambia arudie, tukidhani Kiswahili chake kimemponyoka. Akarudia. Akaongeza kwamba nyimbo zao nyingi ni mpya kabisa, zimetungwa na watu walio hai, wengine vijana, na kwamba mtunzi anaweza kuwa amekaa kiti cha mbele akikusikia unavyokosea. Mwalimu Odera alisema yeye angejiuzulu.

Kwaya hiyo ilikuwa inakuja Kenya. Ilitaka kuimba Kisumu, na ilitaka kwaya ya hapa iimbe nayo wimbo mmoja mpya uliotungwa kwa ajili ya kwaya mbili. Eero alipotuambia kondakta wao ni mwanamke, mwenzetu Mama Consolata, aliyeongoza sauti ya kwanza na kuuza samaki sokoni, akauliza basi gari lenyewe linaendeshwa na nani.

Nota zilifika kwa posta mwezi mmoja na nusu kabla yao. Nilifungua bahasha kama mtoto anayefungua zawadi, kisha nikakaa. Wimbo ulikuwa juu ya maji. Maneno yalikuwa machache, lile la mara kwa mara ni “vesi,” yaani maji kwa Kifini. Kulikuwa na mahali pa kunong’ona, na mahali ambapo badala ya nota palichorwa mstari unaopanda na kushuka kama njia ya konokono. Hayo niliyaweza, niliyachora kwa msumari wa stensili jinsi yalivyo. Kilichonishinda ni nota zenyewe. Sauti ya kwanza ilikuwa imegawanywa mara nne, na hao wanne hawakupewa nota zinazopatana, d na m na s kama watu wenye adabu. Walipewa nota jirani kabisa, bega kwa bega, zinasukumana kama watu kwenye bomba la maji mtaani Nyalenda. Nikahesabu mahali kumi na nane kwenye wimbo mzima.

Kama Mwalimu Odera angekuwepo ningemwuliza. Lakini mvua ilikuwa imefurisha mto, maji yameingia nyumba ya mama yake Ahero, naye alikwenda kumhamisha na hakurudi kwa wiki mbili. Eero alikuwa kwenye visima vyake mbali. Mimi nikatafakari peke yangu, nikafikia uamuzi kwamba karani wa Ufini alichoka. Nilimwonea huruma, kwa sababu najua uchovu wa nota. Kwa hiyo, wajukuu zangu, nikamsahihishia. Pale palipogongana nikatenganisha, kila nota nikaipeleka mahali inapopendeza. Nilitumia jioni mbili, nikakagua kutoka mwisho hadi mwanzo, na hapakuwa na kosa hata moja.

Tukajifunza ule wimbo mwezi mzima. Wiki ya kwanza sauti ya pili waliimba “vesti, vesti,” tukawa tunaimba juu ya nguo za ndani, lakini tuliwanyoosha. Mwalimu Odera aliporudi na kuusikia, akasema Wafini ni watu wanaojua upatanifu. Nilikaribia kumwambia ni nani hasa anayejua upatanifu. Nilinyamaza kwa unyenyekevu, nikajisifu moyoni njia nzima hadi nyumbani.

Walifika kwa basi siku mbili kabla ya tamasha. Nataka mwelewe furaha iliyokuwepo. Ukumbi wetu ulijaa saa nne asubuhi, watu waliokuja kuona tu wanavyopasha sauti. Walipiga miayo kwa makusudi. Walitetemesha midomo kama farasi. Walitoa “sss” kama pancha ya baiskeli, wote ishirini na wanne, kwa pamoja, wakakatika kwa pamoja. Kisha wakafungua midomo wakaimba sauti moja tu, “a,” na ile sauti haikuwa na mlango wala dirisha, hukuweza kujua nani ameanza na nani amepumua. Niligundua nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Kondakta wao aliitwa Bi Helka. Mfupi, wa makamo, alivua viatu akasimama kwa soksi kwenye saruji yetu. Akaomba atusikie sisi kwanza, peke yetu. Tukaimba. Tuliimba vizuri, hilo nalisema hadi leo. Tulipofika ukurasa wa tatu aliinua kichwa. Ukurasa wa tano alifunga kitabu chake cha nota, akaendelea kusikiliza akitutazama. Tulipomaliza alipiga makofi, kisha akamwomba Eero ampe karatasi yetu moja. Solfa hakuijua, kwa hiyo Eero akamsomea herufi moja moja, na nikamwona akianza kuelewa. Akauliza kwa upole nani aliandika.

Mwalimu Odera alikuwa mbele, mimi nyuma ya sauti ya pili. Alimtazama yule mama, akaitazama karatasi, na nadhani aliona yote kwa mara moja. Akamwambia Eero kwamba kwaya ni yake, karatasi ni zake, na kama kuna kosa basi ni lake.

Ningeweza kunyamaza. Yule mzee angelibeba na asingenitajia kamwe, nilimjua. Lakini nilimwona amesimama pale na soksi yake imevimba kwa ule uma, mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kuimba, akionekana mjinga mbele ya wageni kwa ajili yangu. Nikapita katikati ya watu.

“Si yeye,” nikasema. “Ni mimi. Niliona nota zinagongana nikadhani ni makosa, nikazitenganisha. Mahali kumi na nane.”

Eero alitafsiri polepole. Bi Helka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwaita wanawake wanne wa kwake, akanisimamisha katikati yao, akampa kila mmoja sauti yake kwa kumwelekezea kidole.

Wakaimba zile nota nne za jirani, polepole sana, karibu na masikio yangu.

Mmewahi kuona nzi wa ziwani wanapopanda kutoka majini kama moshi mweusi, ukawa karibu, ukasikia ule mvumo usio sauti moja wala nyingi? Ndivyo. Hewa yenyewe ilikuwa inatetemeka. Meno yangu yaliwasha. Kila mmoja alisimama imara kwenye nota yake, na katikati yao kulizuka kitu cha tano ambacho hakuna aliyekiimba. Nilikuwa nimefuta kitu ambacho sijawahi kukisikia maishani. Nililia, na haikuwa aibu. Nilitaka waimbe tena.

Bi Helka alisema, kupitia Eero, kwamba hakuna ubaya. Siku mbili ni chache, wao wataimba ule wimbo peke yao na sisi tutaimba zetu. Wengi wa kwaya yetu walipumua. Mwalimu Odera ndiye aliyekataa. Akaomba tupewe mpaka kesho jioni.

Nilikata stensili mpya mchana ule bila kula. Mashine ya kurudufu ikachagua siku hiyo kuvuja, nikawa na wino hadi viwikoni, nikafuta jasho nikapaka uso. Sikujali. Alasiri karatasi zilikuwa tayari, na tukagundua kwamba karatasi ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Sauti ya kwanza hawakuweza. Mnajua sikio la mwanakwaya, linatafuta kupatana kama ndama anavyomtafuta mama yake. Kila tulipojaribu, baada ya mapigo mawili wale wanne wamekwisha kuteleza na kukutana kwenye nota moja, tamu, ya uongo. Tulijaribu kuziba masikio. Tulijaribu kwa sauti kubwa. Mama Consolata alikasirika akakaa.

“Huyu Dorcas sauti yake inanivuta kama wavu,” akasema, akimwonyesha mwenzake. “Mimi siwezi simama karibu na yeye.”

Mwalimu Odera akamwuliza sokoni yeye hukaa karibu na nani. Akasema na mwanamke wa omena, wale dagaa wa ziwani. Mzee akaendelea: je, yule anaponadi omena na wewe unanadi ngege, sato wako, umewahi kuita omena kwa makosa? Mama Consolata akamtazama kama mtu anayeulizwa kama amewahi kusahau jina la mtoto wake.

“Sasa niite omena aje, na mimi naangalia customer wangu?”

Mzee akaugonga uma kwenye goti, na sote tukatoka nje hadi uwanja wa mpira nyuma ya nyumba za baraza la mji. Akamweka Mama Consolata goli la huku na Dorcas goli la kule, kila mmoja na nota yake, na akampa kila mmoja mtu wa kumtazama, mteja wake. Imbeni, akasema, na mtembee kukutana, na macho yasimwache mteja. Mara ya kwanza Dorcas aliteleza katikati ya uwanja. Mara ya pili walifika hatua kumi wakacheka. Watu wa mtaa walitoka milangoni, mmoja akauliza kama ni maombi ya mvua. Mara ya nne walifika bega kwa bega, na nota zikashikana pembe kama ng’ombe dume wawili, hakuna aliyesogea. Ule mtetemo ukazuka palepale uwanjani, kwenye nyasi, na waliokuwa milangoni wakasogea hadi ukingoni mwa uwanja.

Tulifanya hivyo wawili wawili, kisha wanne wanne, mpaka jua lilipoanza kutua, na kesho yake tena tangu asubuhi, hadi jioni Bi Helka alipokuja uwanjani, akasikia mgongano mmoja tu, akasema inatosha, tutaimba pamoja. Nawapa mbinu hii bure, itumieni: usimwambie mwimbaji asimsikie mwenzake, maana hawezi. Mpe wa kumwimbia, na umlete karibu hatua kwa hatua.

Tamasha lilikuwa Jumamosi alasiri. Wafini walisimama upande mmoja wa ukumbi, sisi upande wa pili, watu katikati. Minong’ono ilianza kwao ikaja kwetu, “vesi, vesi,” kama mawimbi madogo yanayofika kwenye mawe. Ilipofika ile migongano, mchungaji wetu kiti cha mbele aligeuka kututazama kwa hofu, akidhani tumepotea. Kisha ukaja ule mvumo, pande zote mbili kwa pamoja, na nikamwona anashika kiti chake kwa mikono miwili, mdomo wazi. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele katikati ya wimbo, palepale kwenye mgongano mkubwa kuliko yote, na nitawaambia ukweli, kilipata nafasi yake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ndani ya nguo ya kwaya.

Ila ukurasa wa tisa, sehemu moja, niliwaona Wafini wawili wakitazamana. Bi Helka hakugeuza uso. Mimi nilijua. Mahali kumi na saba nilikuwa nimerudisha. Pa kumi na nane, kwa haraka na wino na jasho, nilikuwa nimepasahau, na kwaya yetu ikapaimba kwa sahihisho langu, tamu kama asali, mbele ya watu mia tatu na kinasa sauti chao.

Waliondoka Jumatatu. Miezi ikapita. Kisha Eero akaja ofisini na barua kutoka kwa mtunzi mwenyewe, ambaye alikuwa ameusikia ule utepe wa tamasha. Eero alinisomea amesimama. Mtunzi alisema anaupeleka wimbo kwa mchapaji. Alisema ukurasa wa tisa kuna mahali kwaya ya Kisumu ilifungua dirisha ambalo yeye hakuliweka. Ameambiwa jinsi lilivyotokea. Amelisikiliza mara nyingi na amelipenda, na anauliza kama mwenyewe, yaani mimi, ataruhusu libaki hivyo kitabuni.

Eero alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Mwalimu Odera, aliyekuwa ameketi pale akisubiri karatasi za Jumapili, alisema jambo hili ni langu na yeye hatii neno. Karani wa Kaloleni, nota zangu zichapwe Ufini. Nilitia karatasi kwenye taipu kabla moyo haujapoa.

Nilimwandikia kwamba nashukuru sana, na kwamba pale hapakuwa dirisha bali nilisahau. Nikamwambia wanawake wetu wamejifunza kusimama bega kwa bega, na ukurasa wa tisa ndio mahali pekee walipoachwa wapumzike bila kuomba. Nikamwomba arudishe ya kwake.

Alirudisha. Pasaka iliyofuata niliikata ile stensili ya ukurasa wa tisa upya, tukauimba wimbo wote Ahero, bila Mfini hata mmoja ila Eero kwenye besi. Mama Consolata alipofika pale alipandisha kidevu, akamtafuta mteja wake mbali kule mlangoni, akaishika ile nota hadi wengine wote walipomaliza na Mwalimu Odera alipoushusha mkono, na bado alikuwa ameishika.